Jiwe Kwenye Kitanda cha Ng'washi

Mwanamume aliyeombolezwa mwezi wa pili bila maiti kuonekana alikuwa amekaa mlangoni mwa pango la Ng'washi, akimenya muwa kwa meno.

Stela Ndayisenga alimwona akiwa bado hatua thelathini chini ya mwamba. Baiskeli alikwisha kuiegemeza kwenye mninga, na kandambili zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi la njia ya Ulyankulu. Hakupiga kelele. Alikaa papo hapo juu ya majani makavu kama mzigo uliotuliwa.

"Stela," yule mtu aliita.

Sauti ilikuwa yake, ile yenye mkwaruzo mdogo mwishoni mwa jina lake. Miezi minane Stela alikuwa akiitafuta sauti hiyo ndani ya kichwa chake kila alipolala, na kila mwezi ilikuwa ikizidi kufifia.

"Usinikaribie," alisema.

"Ni mimi."

"Mathias amekufa."

"Nani kasema?"

Stela alivua kandambili ya mguu wa kulia akaitupa kwa nguvu zake zote. Ilipaa, ikapiga begani pa yule mtu, ikaangukia ndani ya pango.

"Aa," Mathias alisema, akijisugua bega. "Ndiyo karibu yenyewe hii?"

Mzimu hausemi aa. Mzimu hauna vipande vya muwa kwenye ndevu. Stela alijaribu kusimama, akashindwa, na Mathias alipoanza kushuka kumfuata ndipo alipoona mguu. Wa kushoto ulikuwa ukija nyuma, umepinda chini ya goti, ukiburutwa na mwenzake. Kijana aliyekuwa akipanda mwamba huu mbio huku amembeba Stela mgongoni sasa alishuka akishika mawe kwa mikono miwili kama kikongwe.

Akapiga magoti mbele yake. Stela akamshika uso: mashavu, kidevu, kovu dogo la utotoni juu ya nyusi. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Kila kitu kilikuwa cha moto.

"Umekonda," alisema, na hapo machozi yakamtoka.

* * *

Miaka miwili nyuma, asubuhi ya Jumamosi kama hii, walikuja hapa pamoja, siku moja kabla Mathias hajapanda gari la Nzega kwenda kuchimba dhahabu. Alitaka kujenga. Alitaka kumwendea mzee Ndayisenga akiwa na kitu mkononi, maana mzee alikwisha kusema hamtoi binti yake kwa kijana wa Kimoraviani anayelala bado nyumbani kwa mama yake. Na mama mwenyewe, Dafrosa, alikuwa na lake. Warundi wa Ulyankulu ni majirani wema, alisema, na Wakatoliki wanaomba Mungu yule yule, lakini mkwe alimtaka wa karibu zaidi.

Basi wakafanya kama wanavyofanya wapenzi wote wa upande huu, awe Mnyamwezi, awe mtoto wa waliotoka Burundi. Wakaja kwa Ng'washi.

Zamani wanaume wa huku walikuwa wakitoka na pembe za ndovu mabegani, wakapita Tabora, wakatembea miezi mitatu mpaka pwani. Usiku wa kwanza walilala katika pango hili. Dari lake hadi leo ni jeusi kwa moshi wa mioto yao. Wanasema Ng'washi alimsindikiza mumewe hadi hapa, na asubuhi mume akaweka jiwe juu ya mwamba bapa ulio ndani, akamwambia, ngoja. Akangoja. Msafara ukarudi bila yule mume, akangoja. Nywele zikawa nyeupe. Hata sasa ukinyamaza ndani ya pango unamsikia akitwanga, tu, tu, tu, ingawa walimu wa shule husema ni maji yanayodondoka nyuma ya mwamba.

Mwamba ule bapa huitwa kitanda cha Ng'washi, na umejaa mawe. Kila jiwe ni mtu aliyeondoka. Na sheria yake kila mtoto anaijua, kwa kuwa iko ndani ya wimbo:

*Nimeweka jiwe langu, mwambani ninapopita,*
*Liache lilale, wangu, mzigo mbali waita;*
*Kuliondoa ni kwangu, nyumbani nikijikuta,*
*Au ni kwa mama yangu, kifo kikishanipata.*

Mathias aliweka jiwe jeusi lenye mstari mweupe katikati, kama njia ya nywele zilizochanwa. Stela alilizoea. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi aliacha cherehani yake, akaja kulitazama tu, bila kuligusa, kisha akarudi.

Mwezi wa pili redio ilisema duara, shimo la wachimbaji, limetitia kwenye machimbo, watu kumi na mmoja wamefukiwa. Ikataja majina, la Mathias likiwemo. Stela alipiga namba yake mara mia, na mara mia akaambiwa haipatikani. Siku ya nne alikuja pangoni. Mahali pa jiwe jeusi palikuwa na duara safi lisilo na vumbi.

Alikwenda kwa Mama Dafrosa akiwa bado anahema. Mama alikuwa amekaa chini, kichwa wazi.

"Nimeliondoa, mwanangu," mama alisema. "Kalale."

* * *

"Mwanangu, kalale," Mathias alirudia taratibu. Walikuwa sasa wamekaa mlangoni mwa pango, bega kwa bega, bila kugusana. "Alikwambia hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye kitanda cha hospitali. Siku mbili nilikuwa chini ya ardhi. Waliponitoa nilikuwa sijui hata jina langu. Wiki ya sita ndipo Marko, yule tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja, akampigia mama simu. Mama akalia mpaka simu ikakatika. Akapiga mwenyewe kesho yake."

"Akasema nini?"

"Alisema nishukuru Mungu. Alisema nisihangaike kurudi, nipone kwanza. Nikamuuliza, Stela je? Akasema, Stela ameolewa. Kapelekwa Kigoma."

Stela alimgeukia.

"Wiki sita? Nilikuwa sijamaliza hata kulia. Nilikuwa nikishona majoho ya kwaya ya Pasaka huku nafuta macho kwa mabaki ya vitambaa, Mathias. Ukaamini?"

"Ni mama aliyesema."

"Namba yangu ulikuwa nayo?"

"Simu ilibaki chini ya duara."

"Sikuulizi simu. Namba."

Mathias alitazama muwa uliokuwa mkononi mwake.

"Nilikuwa nayo kichwani," alisema. "Siku zote. Ningeweza kuisema kwa kuanzia nyuma."

"Na hukupiga."

"Nipige nimwambie nini mke wa mtu? Kwamba nimekuwa kiwete? Niombe huruma?"

"Ungesema halo tu." Sauti ya Stela ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Halo moja tu. Ningetembea kwa miguu mpaka Nzega. Ulikuwa na namba yangu kichwani mwako miezi minane ukaninyima sauti yako, kwa sababu ya hicho kiburi chako. Mama yako kanizikia mpenzi. Wewe ukalala ndani ya kaburi ukavuta udongo."

Mathias aliinua mguu wa kushoto kwa mikono miwili, akaulaza upande mwingine.

"Jumapili iliyopita," alisema, "Marko alikuwa kwa dada yake huku Ulyankulu. Akaingia kanisani. Akasikia padri anatangaza ndoa, Raymundi na Stela binti Ndayisenga, tangazo la pili. Akanipigia pale pale kwenye ngazi za kanisa. Akaniambia, we Mathias, huyu mwanamke aliyeolewa Kigoma ndiyo kwanza anatangazwa."

"Kesho ni la tatu," Stela alisema. "Harusi ni Jumamosi ijayo."

"Najua. Ndiyo maana niko hapa tangu alfajiri. Nilijua utakuja. Jumamosi ya kwanza, kama ulivyokuwa ukiniambia kwa simu."

"Nilikuja kuaga."

"Nani?"

"Wewe. Ile sehemu iliyo wazi."

Mathias alitupa muwa chini. "Basi kesho naingia kanisani. Padri akiuliza kama kuna mwenye kizuizi, nasimama nasema mimi hapa."

"Na baba atakuwa benchi la mbele. Ametoa neno lake mbele ya jumuiya nzima, na ameniambia nikimwaibisha nisimwite tena baba. Na Raymundi atakuwa pembeni yake." Stela alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Unajua Raymundi amefanya nini? Alinisikia siku moja nasifu milango ya kijani, akaenda akapaka milango yote ya nyumba yake. Hata ya banda la kukaushia tumbaku. Mtu hana kosa hata moja, Mathias. Alimkuta mwanamke analia, akamsubiri amalize."

"Unampenda?"

"Ningekuwa nampenda ningekuja huku?"

Chini ya mwamba tawi lilivunjika. Wote wawili waligeuka. Mama Dafrosa alikuwa akipanda, kanga moja kichwani, nyingine kiunoni, akitweta. Mkono wa kulia aliubana kifuani kama mtu aliyebeba yai.

Stela alisimama. Alikuwa na maneno ya kumrushia mwanamke huyu, mengi na makali, na yote yalimjia mdomoni kwa pamoja. Kilichotoka ni kile alichofundishwa kabla ya maneno mengine yote.

"Shikamoo, mama."

Dafrosa alifumba macho. "Marahaba, mwanangu," alisema, akaketi juu ya jiwe. "Bora ungenitukana."

"Mimi nitakutukana, mama," Mathias alisema. "Nipe dakika moja nitafute tusi linalokutosha."

"Mathias," Stela alimkanya.

"Hapana, acha aseme. Mama, kwa nini? Kwa sababu ni Mrundi? Kwa sababu anasali rozari?"

"Nilikuwa simtaki, kweli," Dafrosa alisema. "Mungu ananisikia, sitasema uongo wa tatu. Mwanzoni nilikuwa simtaki. Lakini siku nilipotoka huku na hili jiwe, alinijia uani hana viatu, midomo imemkauka, nikajua hakuna mwingine atakayekulilia hivi. Siku ile nilimpenda. Nilichelewa. Marko kaniambia asubuhi uko huku, ndiyo nimekuja nalo."

Akafungua mkono. Jiwe jeusi lilikuwa kiganjani, mstari wake mweupe uking'aa kwa jasho.

"Kwa nini basi?" Stela aliuliza.

"Kwa sababu nimeliondoa, mwanangu. Mama akishaliondoa jiwe, mtu huyo amekabidhiwa. Kwa Ng'washi yeye ni marehemu. Anaweza kutembea, anaweza kula, lakini asirudi kwa mwanamke aliyemngojea. Akirudi kwake, Ng'washi anaona amedanganywa." Alimtazama mwanawe. "Una habari za Kasanda, kaka wa bibi yako. Alikwenda mashamba ya mkonge Tanga, wakaleta habari amekufa, mama yake akaja akaliondoa jiwe. Mwaka wa pili huyo anakuja na sanduku la bati. Mke wake akampokea, wakacheza ngoma siku tatu. Mwezi haujaandama, nyoka akamgonga mlangoni. Mlangoni, Mathias, si porini."

"Nyoka wako kila mahali, mama."

"Marko aliponiambia uko hai nilianguka chini kwa furaha. Kisha nikakumbuka nilichofanya kwa mikono yangu. Ningekuambia Stela anangoja, ungekuja. Ungekuja hata kwa kutambaa. Nikasema, heri wanichukie wote wawili, lakini mwanangu apumue." Akateleza kutoka kwenye jiwe alilokalia, akapiga magoti mbele ya Stela, mama mzima wa kwaya, kanga ikamwanguka kichwani. "Naimba kanisani miaka thelathini. Najua mchungaji atasema nini. Lakini sina mwana mwingine. Olewa na yule mtu, mwanangu. Kama unampenda huyu, mwache awe hai mbali nawe."

Ndani ya pango Ng'washi alikuwa anatwanga.

Mathias alimfikia mama yake kwa hatua tatu mbovu, akalichukua jiwe kiganjani mwake. "Jiwe ni jiwe," alisema, na akainua mkono kulitupa bondeni.

Dafrosa alitoa mlio ambao Stela alikuwa hajawahi kuusikia kwa mtu. Alikuwa amewahi kuusikia kwa ng'ombe.

"Usilitupe," Stela alisema.

"Na wewe unaamini?"

"Sijui." Huo ndio ulikuwa ukweli. "Lakini sikiliza. Ulitupe, tuoane. Siku moja umechelewa kutoka shamba, jua limezama. Mama atakuwa mlangoni, na mimi nitakuwa nyuma yake, na sote tutakuwa tunaliwaza hilo jiwe liko wapi bondeni. Ukipata homa kidogo, jiwe. Mtoto akikohoa, jiwe. Ndiyo nyumba gani hiyo?"

"Kwa hiyo unakwenda kwenye milango ya kijani."

Stela aliingia ndani ya pango. Baridi ilimpokea, na harufu ya popo, na giza lililomlazimu kusimama kidogo hadi macho yazoee. Kitanda cha Ng'washi kilikuwa pale na mamia ya mawe yake, mengine yameota ukungu wa kijani. Watu wangapi? Aliyatazama kama alivyoyatazama kila mwezi, na kwa mara ya kwanza akaona kitu alichokuwa akikiona siku zote. Yote yalikuwa mawe ya wanaume. Wanawake walikuwa na mahali pa kukaa tu, pale chini, ambapo mwamba ulikuwa umelainika.

"Mama," aliita. Mwangwi ulirudi, mama, mama. "Jiwe likiwekwa upya na mtu mwingine, kwa safari yake, linakuwa la nani?"

Dafrosa alisogea hadi mlangoni. "La aliyeliweka. Mawe ni yale yale. Mababu waliokota yaliyoondolewa wakayaweka kuwa yao."

"Kuna mwanamke aliyewahi kuweka?"

"Wanawake walikuwa hawaendi popote."

"Mimi nakwenda," Stela alisema. "Lete, Mathias."

Mathias aliingia akichechemea, akasimama mbele yake. Alikuwa ameelewa, Stela aliliona hilo machoni mwake, na aliona pia kwamba hataki.

"Nitalibeba mwenyewe," Mathias alisema. "Ni langu. Nilianzisha mimi."

"Wewe safari yako imekwisha. Umerudi. Hili sasa ni la safari yangu. Leo jioni nakwenda kwa baba, nimwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa jirani. Kisha nakwenda kwa Raymundi, nisimame mbele ya ile milango, nimwambie usoni. Na kesho kabla ya kengele ya misa ya kwanza niko kwa padri, jina langu lisisomwe. Kama Ng'washi anamdai mtu, atamkuta njiani, ni mimi. Kama hamdai mtu, nitarudi kuliondoa."

"Na baba yako akikufukuza? Akikupiga?"

"Basi safari itakuwa ndefu."

"Nakuja na wewe."

"Hapana. Ukija, utakuwa ugomvi wa wanaume, na mimi nitakuwa kitu kinachogombewa. Mwenye jiwe huenda. Mwingine hukaa." Alinyoosha kiganja. "Kaa, Mathias. Ujue nilivyokuwa nakaa."

Alikawia kulitoa. Vidole vyake vilikuwa vimelishika kama vya Stela vilivyomshika yeye uso nusu saa iliyopita, na Stela alilazimika kuvifungua kimoja kimoja. Jiwe lilikuwa na joto la mikono mitatu. Alilitua juu ya lile duara lililobaki wazi, taratibu, mstari mweupe ukitazama mlango.

"Anayeliondoa ni mimi," alisema kwa sauti, ili kila aliyemo humo amsikie. "Au mama yangu Mektilda. Anaijua njia."

Dafrosa alifunika mdomo kwa kanga. Katika miaka yake yote alikuwa amesikia maneno hayo kwa sauti za wanaume tu.

Stela alipotoka nje, mwanga ulimpiga machoni. Alishuka mwamba bila kugeuka, maana alijua akigeuka hatafika chini. Mawe yalikuwa ya moto chini ya wayo wake wa kulia. Alishika usukani wa baiskeli, akaigeuza kuelekea njiani, kengele ikalia yenyewe.

"Stela," Mathias aliita kutoka juu. "Kandambili yako."

Ndipo alipogeuka. Walikuwa wameketi mlangoni mwa pango, mama na mwana, kila mmoja amempa mwenzake mgongo nusu. Mathias alikuwa ameinua ile kandambili hewani. Nyuma yao palikuwa na giza, na ndani ya giza, tu, tu, tu.

"Ikae hapo hapo," Stela alisema. "Nitaifuata."

Akapanda baiskeli, mguu mmoja mtupu juu ya pedali, akaelekea kwa baba yake.